Magunia ya Dionisi

Ukiingia nyumba yoyote ya Ifakara yenye picha ukutani, usitazame sura za watu. Sura zote ni moja, zimekaza kama zinasubiri sindano. Tazama nyuma ya miguu. Utaona magunia matatu, mawili chini na moja juu yake. Kama la juu lina kiraka upande wa mbele, jua picha hiyo ilipigwa baada ya ile Kwaresima ya mwaka wa hamsini na sita. Kiraka hicho nilikishona mimi, na nilikishona nikiwa na hasira.

Mpiga picha ni Dionisi. Huja kutoka Morogoro kila mwezi wa saba, mpunga ukishavunwa na watu wakiwa na kitu mfukoni, akatundika pazia lake lenye bustani ya maua karibu na soko. Ana koti moja la kijivu linalowaenea wanaume wote wa bonde hili, wanene kwa wembamba, kwa sababu mgongoni limechanwa na hufungwa kwa kamba. Ana saa ya mezani isiyotembea. Ana baiskeli isiyo na cheni. Na ana hayo magunia, ambayo aliyajaza pumba pale kwenye mashine ya kukobolea mpunga, akayashona midomo vizuri kabisa kama mzigo wa kwenda Dar es Salaam.

Mvua zikikaribia hurudi kwao, na vitu vyake vyote huviacha stoo kwangu, maana akiwa hapa hupanga kwangu. Mume wangu hushinda kwenye kambi ya samaki huko mtoni, kwa hiyo nafasi ipo. Basi miezi yote ya mvua utajiri wa Ifakara nzima unalala nyumbani kwangu, na panya wanautafuna.

Sisi kwa sisi hatukudanganyana. Kila mtu alijua koti ni la nani, na hakuna aliyemcheka mwenzake, kwa kuwa kesho yake na yeye angelivaa. Picha zilikuwa za watu wa mbali: shangazi aliyeko Uchindile, kaka aliyekwenda kukata mkonge, wakwe wa upande wa Mahenge. Nami ninayo ya kwangu. Nimekalia kiti cha Dionisi na nimeshika mkoba wa Dionisi, na dada yangu kule Mbingu mpaka leo ananiuliza mkoba ule niliununua duka gani.

Jirani yangu Yosefina alipiga ya kwake mwaka wa hamsini na tano. Yeye ameketi, mumewe Marselino amesimama na lile koti, mkono mmoja kwenye baiskeli, magunia nyuma. Akaifunga kwenye kitambaa na kumpa mtu wa lori ampelekee mama yake huko juu, Mahenge.

Kwa Yosefina ile haikuwa picha ya kujifurahisha. Mama yake, Bibi Scolastica, hakutaka aolewe na Marselino. Alisema mtu wa bondeni ni mtu wa maji, leo ana mpunga, kesho mto umeuchukua. "Huko utakula mbu," alimwambia binti yake mbele za watu, na siku ya harusi hakuteremka. Yosefina alilibeba neno lile miaka yote. Alipoketi mbele ya pazia la Dionisi alikuwa anamjibu mama yake.

Nisiwe mnafiki, bonde letu lina miezi yake mizuri. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane tunakula wali hadi watoto wanakataa. Halafu mpunga unauzwa, mbegu inawekwa, wageni wanakuja, na ikifika Krismasi unakwangua chini ya kihenge. Kwaresima inatukuta kwenye muhogo na mlenda. Wakati huo mjini hapa nyumba nyingi zimefungwa, watu wako mashambani ng'ambo ya maji, wanaishi kwenye dungu. Dungu ni kibanda juu ya miti, maana chini ni matope na viboko hupita. Unakaa huko juu kutwa nzima na kombeo mkononi unafukuza ndege, la sivyo utavuna majani. Dionisi hajawahi kumpiga picha mtu aliye dunguni. Na nani angelipia?

Basi katikati ya Kwaresima, mvua inanyesha, lori likamshusha Bibi Scolastica.

Mimi nilikuwa nyumbani kwa sababu ya mguu, mwiba wa kambale ulinichoma na kidonda kikakataa kupona. Nikaona mama mmoja mrefu, mkavu, amelowa mpaka mifupani, anakuja moja kwa moja mlangoni kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Natafuta kwa Yosefina. Yosefina mwenye baiskeli."

Nilitaka kucheka, kisha nikakiona kile kitambaa kifuani mwake. Hakuwa amekilowesha hata kidogo. Nikamkaribisha motoni, nikamwomba mama mmoja aliyekuwa anavuka na mtumbwi akamwite Yosefina huko shamba.

Yosefina alikuja mbio. Alipita uani kwangu, akanawa matope, akavaa kanga yangu mpya, ndipo akaingia kwa mbele akampigia mama yake magoti. Walishikana muda mrefu. Nilifurahi kuwaona, sitaki kusema uongo. Miaka sita bila kuonana si mchezo.

Ila yule mama alikuwa na macho. Alipofika kwa binti yake akaanza kutafuta alichokiona kwenye picha.

"Baiskeli iko wapi?"

"Marselino amekwenda nayo shamba."

Shamba lenyewe tunakwenda kwa mtumbwi.

"Na saa?"

"Iko kwa fundi, mama."

"Na mpunga? Mbona mnakula muhogo?"

Hapo Yosefina akapata la kusema. "Ni Kwaresima, mama. Tumejinyima wali mpaka Pasaka."

Bibi Scolastica akafanya ishara ya msalaba. "Umefanya vizuri sana, mwanangu. Mimi nimeacha ugoro." Na akakaa chini akala muhogo kwa ibada.

Kwetu mama mkwe halali nyumba moja na mkwewe, hilo kila mtu analijua, kwa hiyo akalala kwangu. Marselino naye alibaki dunguni kwake, ndege hawana habari na wageni. Nilimtandikia bibi blanketi langu, na mlango wa stoo nikaufunga kwa kamba.

Jioni ya pili tulikuwa tunachambua mlenda, mvua imekatika, akaanza kuniambia kilichomleta. Marehemu mumewe alimwachia shamba la migomba na kahawa, kando mahindi na maharage, dogo lakini zuri, lina kijito. Tangu mazishi, shemeji yake Valeriani analitaka. Kila mwaka anakuja na maneno, kila mwaka anafukuzwa.

"Sasa nimechoka, Mama Theodori," akaniambia. "Magoti yananiuma. Mwanangu amejaliwa. Nitamwachia Valeriani shamba lake, nije hapa, mkwe wangu anijengee kibanda pembeni. Nikirudi Jumatatu nampa jibu mbele ya ndugu wote."

"Ukishampa, ukibadili mawazo je?"

"Valeriani? Huyo akishika hatoi."

Nilitaka kumwambia pale pale, lakini siri haikuwa yangu. Asubuhi nikamngoja Yosefina kisimani, nikamweleza yote.

Alitua ndoo. "Nitamwambia."

"Lini? Jumatatu anaondoka."

"Nitamwambia, Mama Theodori. Nitafute tu maneno."

"Maneno gani? Mwambie, mama, zile ni pumba, usiache shamba lako."

"Atasema aliniambia."

"Basi na aseme! Atasema siku moja atachoka. Shamba likienda halirudi."

Akajitwisha ndoo akaondoka. Ijumaa ikapita. Jumamosi ikapita. Nilikuwa namtazama kila akikaa na mama yake, anafungua mdomo, halafu anauliza habari za mbuzi wa huko nyumbani.

Kwaresima ilimsaidia Yosefina mpaka Jumamosi jioni. Jumapili ikamwangusha, maana padri mwenyewe hufundisha kwamba Jumapili si siku ya kufunga. Bibi Scolastica alitoka Misa amechangamka kabisa, kanga imekaa sawa, akasema kwa sauti ya mtu mwenye haki yake, "Leo tunakula wali."

"Ndiyo, mama," akajibu Yosefina, na akaondoka na bakuli chini ya kanga.

Nilijua anakokwenda. Alianza kwangu kwa mlango wa nyuma, nikampa kikombe cha mchele nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya Pasaka. Akaendelea kwa wengine, nyumba chache zilizokuwa na watu, mmoja anampa konzi, mwingine anampa nusu ya konzi. Hakuna aliyeuliza cha nini. Mambo ya wakwe tunayajua.

Mama yake alibaki uani kwangu akiota jua. Nina kuku mmoja mkorofi, akitaka kutaga hatafuti kiota, hutafuta mahali pa kunisumbua. Panya walikuwa wametoboa mlango wa stoo kwa chini, kuku akapenya. Bibi akamsikia analia mle ndani.

"Mama Theodori, kuku wako ametaga! Nakuletea yai."

Nilikuwa jikoni na ule mguu wangu. Nilipofika mlangoni kamba ilikuwa imeshafunguliwa.

Alikaa mle ndani muda. Alitoka bila yai. Akaketi kwenye kigoda chake, akaweka mikono mapajani, akatazama njia. Niliita, "Mama," hakugeuka. Nikaogopa, nakwambia kweli. Ningemweleza, lakini Yosefina alikuwa ameshakunja kona na bakuli lake limefunikwa kwa kitambaa, anatabasamu.

"Huo mchele umeutoa wapi?" mama yake akauliza.

"Nyumbani, mama."

"Nyumbani. Kibakuli hicho. Na magunia matatu yamo humu ndani, yamejaa mpaka mdomoni."

Tabasamu likamtoka Yosefina.

"Nimeona baiskeli. Nimeona saa. Nimeona mpaka koti la mumeo." Akainuka kwenye kigoda. "Yosefina, umemficha mama yako chakula nyumba ya jirani? Nimekula mlenda siku zote hizi nikimshukuru Mungu kwamba mwanangu ana imani. Kumbe mnanihesabia matonge! Kama hukutaka nije ungesema."

"Mama, siyo hivyo."

"Sikuzaa mchoyo mimi! Nilizaa mkaidi, hilo najua, lakini mchoyo sikuzaa." Akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Kesho naondoka. Shamba nampa Valeriani hivyo hivyo, anilishe yeye. Afadhali kula kwa shemeji ninayejua ni mbaya kuliko kwa mtoto anayenifungia mlango."

Nilimtazama Yosefina. Angeweza kunyamaza. Mama yake angepanda lori akiwa na hasira, na huko Mahenge wangesema ana binti mchoyo, lakini tajiri. Lile neno la mbu lingebaki limejibiwa. Nilimwona akilifikiria hilo, bakuli limeshikwa kwa mikono miwili. Kama angenyamaza, naapa ningesema mimi, siri ya mtu au si siri.

Akaniwekea bakuli mikononi. Akachomoa mundu wangu kwenye paa la jiko, akaingia stoo. Tukamfuata. Akalishika gunia la juu kwa mkono mmoja, akalipasua kwa mbele.

Pumba zikamwagika, zikafunika miguu yake, zikafunika na ya mama yake, na vumbi likajaa hadi kuku akakimbia. Gunia zima likanywea.

"Tia mkono, mama."

Bibi Scolastica akainama, akatia mkono ndani ya kile kilichobaki, mpaka kwenye kiwiko, akapapasa. Alipapasa sana. Nadhani alikuwa anatafuta mpunga.

"Na hili?"

"Pumba."

"Na lile?"

"Pumba, mama. Baiskeli haina cheni. Koti halina mgongo. Vyote ni vya mpiga picha." Yosefina alikuwa analia sasa, bado ameshika mundu. "Tunakula muhogo. Ukiisha tunakula majani. Mpunga uko shambani, ndio kwanza unatoa masuke, ndege wanaumaliza. Marselino yuko kule na kombeo tangu ulipofika, hajala wali tangu Krismasi. Usimpe Valeriani shamba, mama. Sina pa kukuweka. Sina cha kukulisha."

Mama yake akanyooka taratibu, akapangusa mkono. Nilingoja lile neno. Yosefina naye alilingoja, nilimwona ameinamisha shingo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema nitakula mbu."

Yule mama akatazama nje, akatazama zile pumba. "Nilisema," akakubali. "Nilisema mbele za watu." Kisha akakaa juu ya gunia mojawapo, likabonyea, akamvuta binti yake akamkalisha pembeni yake kama mtoto mdogo. "Huo mchele ni wa nani?"

"Wa Mama Theodori. Na wa watu wengine."

"Pika. Tule wote. Na mkwe wangu umwekee."

Jumatatu lori liliondoka bila yeye. Alitaka kuona dungu. Nikajikokota na mguu wangu nikaingia mtumbwini, sikutaka kukosa. Marselino alikuwa juu ya dungu na kaptula iliyochakaa, matako nje nusu. Alipoona anayekuja ni mama mkwe, aliruka upande wa pili, puu! akatumbukia majini mpaka kiunoni, akajificha nyuma ya nguzo. Bibi Scolastica akageuza uso, akampa mgongo kwa heshima, akaanza kumsalimu kwa sauti kubwa huku anatazama mlima.

"Mkwe, hamjambo huko?"

"Hatujambo, mama! Shikamoo!"

"Marahaba. Chakula chako kiko kwenye mtumbwi. Kale, pumzika. Ndege niachie mimi."

Na kweli akapanda, na magoti yake yale. Huko kwao amefukuza nyani kwenye mahindi maisha yake yote, sauti ile ilivuka bonde zima. Akarusha bonge la udongo kwa kombeo, kundi likainuka kama moshi. Yosefina alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu niwe jirani yake.

Wiki nzima Bibi alikaa dunguni mchana kutwa, jioni akirudi kwangu kulala, na Marselino akihamia kibanda cha jirani. Siku ya lori tulimsindikiza mpaka barabarani. Alipokwisha panda akainama juu ya ubao wa lori.

"Mwakani nitakuja mwezi huu huu," akamwambia binti yake. "Mwezi wa picha siutaki."

Valeriani alipata jibu lake mbele ya ndugu wote, ila si lile alilolingoja. Shamba liko mikononi mwa mama mpaka leo.

Lile gunia nililijaza upya na kulishona mimi, maana Dionisi angenidai. Nilishona kwa hasira kwa sababu mguu ulikuwa unauma na wenye kosa walikuwa wanacheka. Alipokuja mwezi wa saba alitaka kuligeuza kiraka kitazame nyuma. Yosefina alikuwa wa kwanza mstarini mwaka ule. "Liache hivyo hivyo," akamwambia, na hakuvaa kanga yangu. Picha hiyo ndiyo iliyoko ukutani kwa mama yake, kiraka kinaonekana vizuri.

Watu huko juu bado wanamuuliza kuna nini ndani ya magunia. Naye huwajibu, "Pumba." Hakuna anayemwamini. Wanasema uzee umemfanya mchoyo, anaficha mali ya mwanawe. Na kila Kwaresima anapopita kijijini kwao na mzigo wa maharage na mahindi kichwani, kutoka shamba lile lile, kwenda kulisha watu wa bondeni, wenzake humwita kutoka vibarazani, "Nenda mama, nenda ukale wali!"

Naye huitikia, kisha huomba mtu amsaidie kupandisha mzigo kwenye lori.